Helikopta za polisi zikiwekwa chungu kimoja, nani atangoja?

Mimi ni mzaliwa wa Pwani, ila riziki ilinileta Nairobi na huu ni mwaka wangu wa kumi na mbili katika mitaa ya Eastlands. Naishi Umoja, ghorofa ya nne. Huku mtu hahitaji kutazama juu kujua kwamba helikopta imekuja. Vioo vya dirisha hutikisika kwanza. Watoto hukimbilia juu ya paa, kwenye kamba za kuanikia nguo, na simu huanza kulia: "Iko wapi? Ni Kayole ama Mathare?" Juni 2024, siku za maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, tuliisikia mpaka mtoto wa jirani akawa anaiga mlio wake kwa mdomo.

Siku zile zile nilizungumza kwa simu na jamaa yangu wa Lamu, nikamlalamikia kelele. Akanijibu hivi: "Nyinyi mwachoka kuisikia. Sisi huku twaomba siku ya shida tuisikie, hata kwa mbali."

Maneno yake ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. Kila serikali inapobanwa na bajeti, mtu huibuka na pendekezo lile lile: ndege zote za umma ziwekwe chini ya mkono mmoja, tuokoe pesa. Pendekezo hilo si la kupuuzwa, wala si la kumezwa zima zima. Msomaji wa Pwani anastahili kujua lilitoka wapi, linaokoa nini hasa, na ni nani anayelipa kile kinachookolewa.

Ndege hizi ni za nani?

Polisi wa Kenya wana ndege tangu enzi za mkoloni. Wakati wa vita vya Mau Mau, miaka ya 1950, kikosi cha anga cha polisi wa akiba kilitumia ndege ndogo kupeleleza misitu ya Aberdare na Mlima Kenya. Baada ya Uhuru kikosi cha anga cha polisi kikaendelea, makao yake yakiwa Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi. Kazi zake ni nyingi: kusafirisha askari na risasi, kubeba majeruhi, kufuatilia wezi wa mifugo na kuangalia umati. Kazi nyingine ambayo mwananchi huiona kwa jicho la wasiwasi ni kuwabeba wakubwa.

Polisi hawakuwa peke yao. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lina historia ndefu ya kutumia ndege katika mbuga kama Tsavo, kuhesabu ndovu na kuwasaka majangili. Jeshi nalo lina ndege zake. Kambi yake moja kubwa, Moi Air Base, iko Eastleigh, katikati ya mitaa hii hii ya Eastlands. Wazee wa huku hawajasahau Agosti 1, 1982, pale askari wa anga walipojaribu kupindua serikali. Kikosi cha anga kilivunjwa kikaundwa upya. Kwa hivyo swali la nani anashika ndege za serikali, kwetu huku, halikuanza jana.

Mwaka wa 2020, serikali ya Rais Uhuru Kenyatta ilichukua hatua kubwa. Iliunda idara mpya, National Air Support Department, maarufu kama NASD, na kuiweka chini ya Wizara ya Ulinzi. Ndege za serikali zisizo za kijeshi, zikiwemo za polisi na za KWS, zikakabidhiwa idara hiyo. Sababu iliyotajwa ni ile ile: kupunguza gharama, kuondoa marudio na kuhakikisha ndege zinatunzwa. Baada ya uongozi wa nchi kubadilika mwaka wa 2022, sauti za kutaka polisi warudishiwe kikosi chao zilisikika hata ndani ya serikali yenyewe.

Kwa nini kuunganisha kunavutia

Tuwe wakweli, hoja ya kuunganisha ina mashiko. Helikopta si gari aina ya Probox ambayo fundi wa Grogan ataifungua kwa spana na kuirudisha barabarani jioni. Injini na mapanga yake vina muda uliowekwa wa kuruka, na muda huo ukiisha lazima vifunguliwe, vikaguliwe au vibadilishwe, hata kama vinaonekana vizima. Rubani naye lazima aruke saa kadhaa kila mara ili leseni yake isilale. Kuna bima, karakana, vipuri vya kuagiza ng'ambo kwa dola, na mafundi wenye vyeti vya aina ile ile ya ndege wanayoigusa.

Aina ndiyo inayotafuna pesa zaidi. Kwa miaka mingi polisi wetu wamekuwa na mchanganyiko: helikopta kubwa za Mi-17 kutoka Urusi, ndogo za Ulaya na Marekani, na ndege za mabawa kama Cessna Caravan. Kila aina inataka vipuri vyake, mafundi wake na mafunzo yake. Idara tatu zikiwa kila moja na helikopta mbili za aina tofauti, nchi inalipia karakana tatu na bado kila moja ina helikopta chini ikisubiri kipuri.

Tena helikopta moja haitoshi kamwe. Ukitaka iwepo moja tayari usiku na mchana, unahitaji ya pili ya kushika zamu wakati ya kwanza iko kwa mafundi, na ikiwezekana ya tatu. Idara ndogo haiwezi kumudu hayo. Zikiunganishwa, angalau ndege ya akiba inakuwa ya wote. Ndiyo maana wahenga wa mwambao walisema nahodha wengi, chombo huenda mrama.

Hali ya pesa tunaijua. Baada ya Mswada wa Fedha wa 2024 kuondolewa, serikali ilisema imebaki na pengo la Sh346 bilioni, ikakata matumizi na kukopa zaidi. Katika hali hiyo, anayesimama Bungeni kutetea karakana tatu za helikopta atachekwa.

Waliotangulia: England na Wales

Kuna nchi zilizopita njia hii kabla yetu. Zamani vikosi vya polisi vya England na Wales vilikuwa na helikopta zao, kila eneo na yake au mbili tatu zikishirikiana. Serikali ilipokata bajeti, helikopta hizo zikaunganishwa chini ya huduma moja ya taifa, NPAS, iliyoanza kazi Oktoba 2012 ikisimamiwa na polisi wa West Yorkshire. Ahadi ilikuwa kuokoa pauni milioni 15 kwa mwaka.

Pesa zilipozidi kupungua, vituo navyo vikapungua, kutoka 31 mwaka wa 2009 hadi 15. Novemba 2017 wakaguzi wa polisi wa huko walitoa ripoti yao kuhusu huduma hiyo. Waligundua kwamba mwaka wa 2016 zaidi ya maombi 40 katika kila 100 yaliyotumwa kwa helikopta yalifutwa, mengi kwa sababu ingefika kazi imekwisha. Gharama ya kila saa ya kuruka haikushuka. Ilipanda zaidi ya mara mbili ikilinganishwa na mwaka wa 2009, kwa kuwa saa za kuruka zilipungua huku gharama za kudumu zikibaki pale pale. Waliokuwa karibu na kituo walihudumiwa kwa dakika chache, na waliokuwa mbali walingoja, nao wanachangia mfuko ule ule.

Mfano wa pili unatoka Scotland, na unawahusu watu wanaoishi kwa kubanana kama sisi. Usiku wa Novemba 29, 2013, helikopta ya polisi iliangukia baa ya Clutha mjini Glasgow. Watu kumi walikufa, watatu waliokuwa ndani ya ndege na saba waliokuwa kwenye jengo. Uchunguzi ulisema onyo la mafuta kupungua lilipuuzwa. Nikitazama Pipeline au Tassia kutoka juu ya paa letu, ghorofa kwa ghorofa hadi hakuna pa kutupa kiatu, naona kwamba utunzaji wa ndege ni jambo la uhai wa walio chini pia.

Kenya tunajua uchungu huo. Juni 10, 2012 helikopta ya polisi ilianguka Ngong na kuua watu sita, akiwemo Waziri George Saitoti na naibu wake Orwa Ojode. Aprili 18, 2024 helikopta ya jeshi ilianguka Elgeyo Marakwet na kuua watu kumi, akiwemo Mkuu wa Majeshi Jenerali Francis Ogolla. Ajali moja ilikuwa ya polisi, nyingine ya jeshi, kwa hivyo asiseme mtu kwamba kubadilisha sare ya rubani ndiyo dawa.

Siku ndege inapohitajika kweli

Usiku wa Juni 15, 2014 washambuliaji waliingia Mpeketoni, Kaunti ya Lamu, wakaua na kuchoma kwa saa nyingi. Usiku uliofuata wakarudi vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 60 walipoteza maisha. Malalamiko ya wenyeji yalikuwa mamoja: msaada ulichelewa.

Aprili 2, 2015 ikawa Garissa. Shambulio katika Chuo Kikuu lilianza alfajiri, na wanafunzi na wengine 148 waliuawa. Kikosi cha Recce, ambacho kambi yake iko Ruiru, kilifika Garissa mchana. Kilipoingia, kazi ilimalizika kwa muda mfupi. Baadaye ikajulikana kwamba asubuhi ile ndege moja ya polisi ilikuwa Mombasa, na ilirudi Nairobi ikiwa imebeba pia jamaa za mkuu wa kikosi cha anga. Mkuu huyo alikiri kuwabeba, akakana kwamba safari hiyo ndiyo iliyowachelewesha makomando.

Nimeikumbusha habari hiyo kwa sababu ina funzo ambalo wanaopigania kuunganisha na wanaopinga wote hulikwepa. Garissa, ndege za polisi zilikuwa chini ya polisi wenyewe, na bado msaada ulichelewa. Kuwa na ndege yako hakutoshi kama hakuna kanuni ya nani apande kwanza. Upande wa pili, Westgate Septemba 2013 ilionyesha ubaya wa kukosa amri moja: polisi na jeshi waliingia jengo moja bila kuelewana, na kamanda wa Recce akauawa kwa risasi za wenzao.

Hesabu ya dakika

Tufanye hesabu ya darasa la nane. Helikopta ndogo ya polisi huenda takriban kilomita 230 kwa saa. Kutoka Wilson hadi Kayole ni kama kilomita 12 kwa mstari wa moja kwa moja, yaani dakika tatu au nne. Kutoka Wilson hadi Lamu ni kama kilomita 465, yaani saa mbili, na ikifika inahitaji mafuta kabla ya kufanya kazi ya maana. Kutoka Mombasa hadi Lamu ni kama kilomita 240, saa moja hivi. Na ikiwa inalala Lamu kwenyewe, Kiunga iko chini ya nusu saa.

Hesabu hii haijali helikopta ni ya polisi, ya jeshi au ya idara mpya. Inajali inalala wapi. Lakini mambo yakiunganishwa, ndege nazo huvutwa kule kuliko na karakana, na karakana iko Nairobi. Wapangaji watatetea hilo kwa idadi ya watu. Katika sensa ya 2019, kaunti ndogo ya Embakasi peke yake ilihesabiwa watu karibu milioni moja, na Kaunti nzima ya Lamu watu 143,920. Ukigawa huduma kwa vichwa tu, Lamu haitapata hata panga moja la helikopta.

Eastlands inapata nini basi?

Wenzangu wa Pwani wasidhani sisi wa huku tumeneemeka. Tuliyo nayo kwa wingi ni kelele. Nikiorodhesha maafa makubwa ya mitaa hii, sioni mengi ambayo helikopta ingeyazuia. Septemba 12, 2011 bomba la mafuta lilivuja Sinai, watu wakaenda kuchota, moto ukaua zaidi ya 100. Aprili 2016 jengo la ghorofa liliporomoka Huruma. Usiku wa Februari 1, 2024 gesi ililipuka Mradi, Embakasi, na kujeruhi zaidi ya watu 200. Aprili ile ile ya mafuriko, mto uliwasomba watu Mathare. Kilichokosekana kila mara ni gari la zimamoto linaloweza kupita, ambulensi iliyo karibu, na afisa wa kaunti anayekataa kuidhinisha jengo au kituo cha gesi kisichofaa.

Jirani yangu, mama anayeuza samaki wa kukaanga pale stejini, aliniambia siku moja: "Kaka, hiyo ndege inaniona nikikimbia. Lakini mwizi akinipora saa mbili usiku, hata askari wa miguu simwoni." Kwa Eastlands, saa moja ya helikopta juu ya vichwa vyetu ni mafuta ya gari la doria kwa siku nyingi. Kuna pia kamera za barabarani, zaidi ya 1,800 zilizowekwa Nairobi na Mombasa kupitia mkataba wa serikali na Safaricom wa mwaka wa 2014. Mji ulio na kamera, barabara na vituo vya polisi kila kata unaweza kuishi na helikopta chache. Msitu wa Boni na visiwa vya Lamu haviwezi.

Kuna wanaosema ndege zisizo na rubani zitamaliza mjadala. Zitasaidia, na tangu 2020 tuna kanuni za kuzisimamia. Lakini Eastlands iko kati ya Uwanja wa Jomo Kenyatta na kambi ya Eastleigh, anga yake si ya kuchezea. Na huko Lamu ndege hiyo itamwona majeruhi, haitambeba.

Jeshi au polisi?

Swali la mwisho ni la Katiba. Ibara ya 245 inampa Inspekta Jenerali amri huru juu ya Huduma ya Polisi. Ibara ya 241 inaruhusu jeshi kusaidia wakati wa dharura na maafa, likitoa taarifa kwa Bunge la Taifa, na kutumwa kurejesha amani kwa idhini ya Bunge hilo. Waandishi wa Katiba walitaka mwanajeshi asigeuke polisi wa mtaa kimya kimya.

Sasa, helikopta inayozunguka juu ya waandamanaji ikiwa chini ya Wizara ya Ulinzi, mwananchi amlalamikie nani? Mamlaka ya IPOA inachunguza polisi, haichunguzi wanajeshi. Hiyo ni gharama ya kuunganisha ambayo haiandikwi kwenye makadirio ya bajeti.

Ninavyoona mimi

Sipingi kuunganisha. Napinga kuunganisha kila kitu kwa sababu kuunganisha baadhi kuna faida. Mambo ya chini yaunganishwe: karakana, ununuzi wa vipuri, bima, mafunzo ya marubani, na aina za ndege zipunguzwe ziwe mbili au tatu. Huko ndiko pesa zinakopotelea, na hakuna mwananchi atakayeumia kwa sababu polisi na KWS wanatumia fundi mmoja.

Mambo mawili yasiunganishwe. La kwanza ni amri: ndege inayofanya kazi ya polisi iwe chini ya Inspekta Jenerali kwa saa zote inapofanya kazi hiyo, ili IPOA na mahakama ziwe na mtu wa kumuuliza. La pili ni mahali pa kulala: helikopta moja iwekwe Pwani kwa sheria, si kwa hisani, iwe na mafuta, rubani na mhudumu wa afya, na isiondolewe bila nyingine kuchukua zamu. Nairobi itabaki na chache zaidi ya ilizozoea. Sisi wa Umoja tutavumilia, pengine tutalala vizuri.

Na kuwe na daftari. Kila mwaka Bunge lipewe orodha ya safari: imekwenda wapi, imembeba nani, ilichukua dakika ngapi tangu kuitwa, ni maombi mangapi yalifutwa. England walijua kwamba mpango wao unayumba kwa sababu mtu alihesabu. Sisi tusipohesabu, tutabaki kubishana kuhusu sare.

Wabunge wa Pwani wana nafasi ya kuuliza haya kila makadirio ya usalama yanapofika mbele ya kamati. Swali lenyewe ni fupi: ikipigwa simu kutoka Kiunga usiku wa leo, helikopta itaondokea wapi, na itafika saa ngapi? Waziri asiye na jibu la dakika asiruhusiwe kuzungumzia akiba ya mamilioni.

Nimemsomea jamaa yangu wa Lamu rasimu ya makala haya kwa simu. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Sasa hiyo ya Pwani italala Mombasa au huku kwetu?" Nikamwambia hilo nalo mbunge wake amuulize waziri.